Siku sita na tochi ya mfukoni: Nakuru, Dunga, Luanda

Jumatatu, Nakuru

Nimenunua tochi. Ni fupi kuliko kidole changu cha kati na inakula betri moja tu, ile ambayo ukifika dukani unaomba "betri ya rimoti". Nimeilipia shilingi 1,900 kwa muuzaji wa vifaa vya umeme karibu na steji. Kesho naondoka nayo kwenda Kisumu, halafu Luanda ya Vihiga, ambako nina wafugaji wa mbuzi wa maziwa wa kuwatembelea. Nitaandika kila jioni jinsi ilivyonitumikia, kwa sababu kazi yangu ni ya mifugo na mifugo ina tabia ya kuugua usiku.

Miaka yote hii nimekuwa nikitegemea simu. Kwanza ilikuwa kabambe, mulika mwizi, ambayo ilitosha kufungulia kufuli na kutafuta viatu. Niliyo nayo sasa ina mwanga mzuri zaidi, lakini jaribu kuishika ukiwa umevaa glavu zenye ute wa uzazi, au kuibana kwa shavu huku unasaka kupe ndani ya sikio la ng'ombe. Mwezi wa tatu iliniponyoka ikatumbukia kwenye ndoo ya dawa ya kuogeshea. Iliwaka tena baada ya siku mbili, na namba za wateja sikuzipoteza, ila siku hizo mbili wafugaji walinipigia bila kunipata. Nilijiapiza kutenganisha simu na taa.

Baba yangu alikuwa askari wa usiku hapa mjini. Tochi yake ilikuwa ya bati, ya betri tatu kubwa, na mwanga wake ulikuwa wa manjano wenye doa jeusi katikati. Betri zenyewe zilitoka kiwanda cha Eveready hapa hapa Nakuru, kile kilichofungwa mwaka 2014. Zikichoka alizianika juani juu ya mabati, na jioni zilikuwa zimepata nguvu kidogo, kwa kuwa joto huzichochea kemikali zilizobakia. Hilo lilikuwa la usiku mmoja, pengine miwili. Mimi ndiye niliyetumwa kuzianua kabla jua halijazama.

Boksi la tochi yangu linasema lumeni 100, mita 40, IPX8, yaani inavumilia kuzamishwa majini. Nimekaa na namba hizo kabla ya kulala. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka, na haikwambii unafika wapi. Zile mita 40 ni umbali ambao mwanga umepungua hadi robo ya lux, yaani karibu sawa na mwanga wa mwezi mpevu kwenye anga safi. Kwa hiyo usidhani ukisimama mita 40 utasoma gazeti. Utaona kama unavyoona nje usiku wa mwezi. Na muda wa betri uliochapishwa pale huhesabiwa hadi mwanga uliposhuka kufikia sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi.

Ina ngazi tatu: mkubwa, wa kati na mdogo. Huwashwa kwa kitufe cha mpira kilicho nyuma, na kila ukiiwasha huanza na mkubwa. Klipu yake imekunjwa pande mbili, kwa hiyo naweza kuibana mfukoni ikiangalia chini, au kwenye ukingo wa kofia ikiangalia mbele. Nimeweka betri ya kuchaji. Zile za kawaida nimeziona zikivujia ndani ya vifaa hadi mfuniko ukakataa kufunguka.

Jumanne, njiani

Salgaa, Mau Summit, halafu Kericho na mvua yake ya alasiri, iliyochanganyika na mawe safari hii. Tulisimama kando ya barabara hadi ikapungua. Chai ilikuwa imelala pande zote mbili, kijani kinachong'aa, na sisi ndani ya matatu madirisha yamejaa mvuke.

Tulipata pancha tukiteremka kuelekea Awasi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Huku kwetu jioni haina urefu: jua likishuka, giza liko nyuma yake. Abiria wanne waliwasha simu na kila mmoja akamulika mahali pake. Makanga akaniona na tochi.

"Anti, nimulikie nati hapa."

Niliiwasha, ikaanza na ule mkubwa kama kawaida yake. Chuma chenye maji kiliurudisha mwanga wote machoni mwetu, na dereva akageuza uso. Nikashuka ngazi moja. Hapo nati zikaonekana vizuri, na kivuli cha spana hakikuwa kikali tena. Baadaye, walipokuwa wakikaza, nilirudi kwenye mkubwa kwa makusudi ili nipime joto. Baada ya dakika tatu, nne hivi, kichwa cha tochi kilikuwa moto wa kunifanya nibadilishe mkono. Mwili mdogo hivi hauna mahali pa kulipeleka joto, na ndiyo sababu tochi nyingi za ukubwa huu hujipunguza zenyewe baada ya dakika chache. Yangu haijipunguzi. Inabidi mwenyewe nikumbuke.

Kisumu tulifika saa mbili usiku, na mahali nilipolala stima ilikuwa imepotea. Nilitaka kuisimamisha tochi mezani iangalie dari, lakini kitufe cha nyuma kimejitokeza nje, ikawa inaanguka. Nikaitumbukiza kwenye glasi. Dari ni nyeupe, chumba chote kikapata mwanga laini, nikaoga na kupanga dawa kwa ngazi ya kati.

Jumatano, Dunga

Asubuhi ilikuwa ya mikutano, sina la kusema. Jioni nikachukua tuktuk hadi Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, nikajaribu zile mita 40.

Nilihesabu hatua kutoka ukutani hadi kwenye mtumbwi uliovutwa nchi kavu. Kwa hatua 15 niliona kila kitu: rangi iliyobanduka, kamba, maji yaliyosalia ndani. Kwa hatua 40 niliona kwamba pale kuna mtumbwi. Kamba ilikuwa mstari tu, na kama ingekuwa nyoka nisingejua. Nikajaribu kufikiria tochi ya kufika mara mbili ya hapo. Hesabu yake ni ngumu: umbali ukiongezeka mara mbili, ukali wa mwanga unapaswa kuongezeka mara nne. Kitu hicho hakikai mfukoni mwa koti.

Mzee mmoja alikuwa akifunga taa kwenye fremu yake ya mbao, taa ya LED na betri kama ya pikipiki. Zamani walitumia karabai. Wavuvi wa omena huielekeza taa majini, samaki wadogo wakakusanyika chini yake, ndipo nyavu zinapowazunguka. Usiku wa kazi, ukisimama ufukweni utadhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Nikamsalimu, nikamuuliza kama wanaenda kila siku.

"Mwezi ukiwa mkubwa hatuendi, binti yangu," akasema. "Maji yote yanakuwa na mwanga. Omena atafuata taa ya nini?"

"Kwa hiyo mnasubiri giza, jaduong'."

"Tunasubiri giza kabisa. Kwenye giza, hata taa ndogo inaitwa taa."

Kisha akanionya nisifuate ukingo wa matete, kwa sababu viboko hutoka majini usiku kuja kulisha. Nilimwonyesha tochi yangu. Akaishika, akaipima kwa kiganja, akaiwasha na kuizima, akanirudishia. "Hii ni ya kutazama ndani ya kitu," akasema. "Si ya kiboko." Nimezunguka na maneno hayo usiku mzima, maana ndiyo tathmini sahihi kuliko boksi lote.

Kabla ya kulala niliizamisha kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa ikiwa imewaka. Nilipoifungua ndani palikuwa pakavu. Mpira mwembamba ulio kwenye nyuzi za kufungia ulikuwa na grisi, na nitautunza.

Alhamisi, Luanda

Matatu ya Luanda inapitia Maseno, pale penye alama ya ikweta. Nimepita hapo mara nyingi, lakini leo niliitazama kwa jicho la mtu anayepima taa. Kwenye mstari huu usiku ni karibu saa kumi na mbili, mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Mfugaji wa hapa ana giza la nusu ya maisha yake, na mahitaji yake ya taa hayapungui msimu wowote.

Kwenye banda la kwanza nilipeleka mkono kwenye begi kutafuta tochi nikakuta begi lina joto. Kitufe kilikuwa kimebanwa na chupa ya dawa ya minyoo, tochi ikawaka tangu sijui Kisumu au Maseno. Nilikasirika. Kitufe kilichojitokeza kinanifaa ninapokuwa na glavu, nakipata bila kukitazama, lakini kwa tabia hiyo hiyo kinapatikana na kila kitu kingine begini. Nilikagua masikio ya ng'ombe wawili wa jirani kwa betri iliyokuwa ikielekea kwisha, nikatoa kupe wa rangi ya kahawia, wale wanaoeneza ndigana kali. Kwa kazi hiyo tochi ni nzuri mno. Mwanga unaingia hadi kwenye mikunjo ya sikio, nami nabaki na mkono mmoja huru.

Mchana nilifanya jaribio nililolisubiri zaidi. Tunatazama kope za ndani za mbuzi kujua kama minyoo ya tumbo imewanyonya damu, na tuna kadi ya rangi tano, ile ya FAMACHA iliyoanzia Afrika Kusini. Namba 1 ni nyekundu iliyokolea, namba 5 ni karibu nyeupe, na mbuzi wa namba 4 na 5 hana muda wa kusubiri dawa. Nilichukua mbuzi sita. Kila mmoja nilimtazama kwanza nje juani, nikaandika. Kisha nikamrudisha bandani, pembe yenye giza, nikamtazama kwa tochi.

Wanne walipata namba ile ile. Wawili, ambao juani walikuwa namba 3, kwa tochi niliwaona kama namba 4. Nyama ya kope ilionekana ya kijivu kidogo, kama imepoa. Sababu naijua: taa nyingi nyeupe za LED kwa asili hutoa mwanga wa buluu unaopita kwenye tabaka la manjano, na unaotoka nje huwa na upungufu wa nyekundu. Zipo tochi zinazotengenezwa ili rangi zionekane kama zilivyo, na ubora huo hupimwa kwa kipimo kinachoishia 100, lakini boksi langu halikutaja chochote juu yake. Kadi yenyewe inataka mwanga wa jua. Kwa hiyo kope nitazitazama mchana, na usiku nikilazimika nitaandika kando kwamba ilikuwa kwa tochi.

Niliponunua sukari ya wenyeji wangu sokoni nilichukua na betri mbili za rimoti. Za kawaida, si za kuchaji.

Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa

Nyanya aliyenikaribisha ana mbuzi mmoja mweupe ambaye tulikuwa tumemhesabia siku 150 za mimba, na zilikuwa zimetimia. Saa nane usiku aligonga mlango kwa kucha.

"Daktari. Daktari mwanangu. Amevunja maji, na anasukuma bure."

Nililala chumba kimoja na wajukuu zake wawili. Niliiwasha tochi na ule mkubwa ukanipiga usoni kutoka kwenye neti. Mtoto mdogo akalia. Kwa muda sikuona kitu, doa la zambarau lilielea popote nilipotazama. Jicho likishazoea giza linahitaji karibu nusu saa kurudi hali ile ile, na mimi nilikuwa nimelipoteza kwa kubonyeza mara moja. Nikaufunika mwanga kwa kidole gumba. Nyama ya kidole ikawa nyekundu, nikauona ukingo wa kucha, na kwa wekundu ule mdogo nikapata buti, glavu na sabuni. Mtoto akanyamaza.

Bandani stima haikuwepo. Nilibana tochi kwenye ukingo wa kofia, ngazi ya kati. Watu wengi huitia mdomoni. Mimi siwezi, maana maji ya uzazi wa mbuzi yanaweza kubeba brusela, ugonjwa unaompata na binadamu, na mkono uliotoka ndani ya mbuzi ndio utakaorekebisha tochi. Kofia inaniachia mikono yote miwili, na popote ninapogeuza uso mwanga unakwenda hapo hapo. Nyanya alishika kichwa cha mbuzi akimsemesha kwa Kinyore, polepole, kama anavyomsemesha mtu.

Niliona pua na kwato moja. Mtoto hutakiwa kuja na miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Mguu wa pili ulikuwa umekunjika nyuma. Nilinawa hadi kiwikoni, nikavaa glavu, nikapaka sabuni, nikasubiri msukumo upite ndipo nikamrudisha mtoto ndani kidogo. Unapapasa shingo, unashuka begani, unafuata mguu hadi kwenye goti. Kisha unaifunika kwato kwa kiganja ili isichane kizazi, unaivuta mbele.

Nilikuwa nimelipata goti tochi ilipozimika. Haikufifia. Betri za kuchaji hushikilia nguvu karibu ile ile hadi mwisho, kisha huanguka ghafla. Nilibaki na giza totoro, mkono ndani ya mbuzi, na pumzi za Nyanya mbele yangu.

Nilimalizia mguu kwa kupapasa. Kusema kweli sehemu ile haina haja ya macho. Kwato ikaja, nikazishika zote mbili, nikangoja. Lakini mtoto anayetoka lazima umwone: ute puani, kamba ya kitovu, kama anapumua. Nikavua glavu ya mkono wa kushoto kwa meno, upande wa kiwikoni uliokuwa mkavu, nikaishusha tochi na kuizungusha mkia. Betri iliyokufa ikaangukia majanini. Mpya ilikuwa mfuko wa shati. Kwenye giza upande unaujua kwa ncha ya kidole: chanya ina chunusi, hasi ni bapa. Chunusi kwanza, kuelekea kichwani. Nikafunga, nikabonyeza mara tatu haraka hadi ngazi ya mdogo.

Mwanga ule ulikuwa kidogo kama wa koroboi. Sikuuongeza. Mbuzi alikuwa ametulia, macho yangu yalikuwa yamezoea giza la zile dakika, na ngozi nyeupe iliyolowa haikunirudishia mng'ao. Msukumo ukaja, nikavuta kuelekea chini, kichwa kikapita, mabega yakafuata, akatelezea magotini pangu. Nikamfuta pua. Akapiga chafya. Nyanya akasema neno moja ambalo sikulielewa, akarudia, akacheka.

Alifuata wa pili, jike, mwenyewe bila msaada. Tulipaka vitovu iodini. Nilimshika kila mmoja kwenye chuchu hadi akanyonya dang'a, maana hiyo ndiyo kinga yake ya kwanza na haisubiri asubuhi. Yote haya kwa ngazi ya mdogo, karibu saa nzima na nusu.

Ijumaa, Luanda

Nililala hadi saa nne. Chai, viazi vitamu, halafu tukaenda kuwatazama mapacha. Wamesimama.

Tochi niliiosha kwa sabuni na mswaki wa zamani. Ile mikwaruzo iliyochongwa mwilini, inayozuia kuteleza, inashika uchafu, lakini usiku ndiyo iliyonisaidia kuizungusha kwa vidole vyenye sabuni. Siilaumu.

Nyanya aliniuliza bei. Nilipomwambia akashika kidevu. Akasema kwa pesa hiyo angepata taa ya sola ya nyumba nzima, na ni kweli angepata. Nilimwambia anunue hiyo ya sola, aitundike bandani juu ya mlango, na kabambe yake aendelee kuitumia kwa kwenda chooni. Kitu cha kubana kwenye kofia kinamfaa anayeingiza mikono ndani ya mnyama, au fundi wa magari, au mkunga. Sikutaka aitamani kwa sababu ya usiku mmoja.

Jumamosi, kurudi Nakuru

Hakuna pancha, hakuna mvua. Ahero kulikuwa na joto, Kericho baridi, na mimi nililala kuanzia Londiani.

Nimeandika uamuzi wangu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la dalili, ili nikinunua nyingine nisidanganywe na lumeni. Ianze na mwanga mdogo. Hili nimeliweka juu, na kwa hilo peke yake ningebadilishana na tochi yenye nusu ya nguvu. Rangi ziwe za kweli. Klipu ya pande mbili. Betri inayopatikana Luanda, maana ingekuwa ya kuchajiwa ndani kwa waya, usiku ule ningemaliza kazi kwa simu na shavu. Kitufe kiwe na ukingo wa kukilinda.

Hii niliyo nayo ina mawili tu kati ya hayo matano. Nitabaki nayo mwaka huu. Dawa ya kitufe nimeipata njiani: ukilegeza mkia robo ya mzunguko, umeme unakatika, na hata chupa ikikibana haitawaka. Kabla ya kuingiza kwenye begi nalegeza, kabla ya kulala nakaza, na naijaribu kwa kuibonyeza mara tatu chini ya blanketi, nikiwa nimeifunika kwa kidole gumba, kisha naizima. Nimejua pia kwamba nikiiwasha ndani ya muda mfupi baada ya kuizima, inaendelea na ngazi inayofuata, na baada ya mdogo hurudi mkubwa. Kwa hiyo kidole kibaki pale pale hadi niwe na uhakika.

Ile betri iliyokufa iko kwenye chaja, taa nyekundu. Mfugaji wa Bahati amepiga simu, ana mbuzi wa siku 147.